Frigo ya Mama wa Mpofi

Muheto, tarehe 4 Machi 1956

Papa Emérita,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Wote tuko wazima. Mutoto wetu Emérita amemaliza kukohoa, mama yako analalamikia magoti yake kama kawaida, na mimi niko vile uliniacha. Nakuandikia mambo mawili, moja ya kazi na moja ya roho. Ya kazi njo fupi, naanza nayo.

Madame wa plantation ameenda Ulaya na bwana yake mpaka mwezi wa kumi. Ameniachia ufunguo ya nyumba, na karatasi ameibandika ku ukuta wa jikoni. Ameandika kila kitu yenye fundi anapaswa kutazama kila myezi tatu: jiko ya chuma, kutoa masizi ndani ya bomba, mashini ya kufua, kupaka grese kwenye meno yake, frigo ya petroli ya taa, kukata utambi, kupiga burosi ndani ya bomba yake, kupima kama inasimama sawasawa. Chini ameandika myezi: Machi, Juni, Septemba. Na jina ya fundi ni yako, sababu anajua atelier ya kompanyi yenu ku Omate njo inatunza mashini ya wazungu wote, kutoka huku kwetu Masisi mpaka Walikale. Basi unaitwa. Panga na chef wako, mukubwa wa kazi, uniandikie siku, nifagie nyumba mbili, ya Madame na yetu.

Sasa ya roho. Ulipoondoka mwezi wa kwanza ulisema nyumba ya kampi ya kompanyi itapatikana mbele ya Pasaka kufika, kisha utatuita. Mukasine, bibi ya kaka yako, amekwisha anza kupima shamba yangu na macho. Anapita pale kila asubui kama muntu anayetafuta mbuzi. Wazee wamesema wazi: nikishuka Omate, shamba iko ya Mukasine, nikipanda maharagi mwezi wa kenda, inabaki yangu. Nimeilima myaka sita, unajua mawe niliyotoa mule. Sitaiacha juu ya neno "karibu".

Na Sebarenzi, shofere anayebeba hii barua, aliniambia anakuona kule Mpofi, ku barabara ya kamyo, kila siku ya posho, kila jumamosi, kofia yako imetundikwa ku mulango wa mama moja. Akacheka. Mimi sikucheka. Niko na wivu, Papa Emérita, nakuambia mbele usije kusikia kwa wengine. Nani ule mama?

Bibi yako,
Thacienne

*

Omate, tarehe 15 Machi 1956

Mama Emérita,

Barua yako nimeipata, na grese ya Sebarenzi juu yake. Ule muntu atakula chakula ya watu kisha awauzie maneno. Usimusikilize.

Nitakuja mwisho wa mwezi huu, chef amekubali. Nitafanya jiko, mashini ya kufua na frigo, siku mbili zinatosha. Uninunulie majani ya chai.

Ule mama wa Mpofi anaitwa Joséphine-Marie. Ni mujane wa karani. Bwana yake alimuachia nyumba ya kando ya barabara na frigo ya petroli yenye alinunua kwa mzungu mumoja aliyehama. Njo maisha yake: anauza limonade baridi, biere, na samaki, kwa watu wa kamyo. Ile frigo ikikufa, naye anakufa na njala. Chef wangu amesema tuwasaidie na watu weusi wenye wako na mashini, njo maana ninapita pale.

Kwa vile unapenda kuuliza, nakuelezea kazi. Ndani ya frigo ya petroli kuko dawa ya maji. Moto wa chini unaipandisha, inashuka ikileta baridi. Lakini lazima frigo isimame sawasawa kama altari. Ikilala upande hata kidole moja, dawa inasimama, moto unawaka bure na nyama inaoza. Hapo fundi anafanya nini? Anaipindua. Miguu juu, kichwa chini, ilale vile usiku muzima, dawa irudi mahali pake. Asubui anaisimamisha, anapima na nivo, ile kipande ya chuma na kioo yenye iko na pofu ya hewa ndani, anawasha moto, anangoja. Huwezi kupindua frigo na kuenda zako. Njo maana kofia yangu inatundikwa. Kofia, Mama Emérita, si miye.

Nyumba: bado mabati. Uwe na uvumilivu kidogo.

Bwana yako,
Séraphin Ndagijimana

*

Muheto, tarehe 12 Aprili 1956

Papa Emérita,

Ulikuja, ukatengeneza, ukaenda. Siku mbili kamili kama ulivyosema, hata saa moja juu yake hukuongeza. Jiko ya Madame inavuta moshi muzuri, mashini ya kufua haipigi tena kelele, na frigo inafanya barafu ya kukatia meno. Watu wote wa plantation wanakusifu. Mimi pia nilikusifu, mpaka nilipofua shati uliyoacha.

Kola ya ile shati imegeuzwa. Mahali ilikuwa imechakaa, muntu ameifungua, ameigeuza, ameishona tena na uzi mweupe, vidogo vidogo, sawasawa kama masista walivyotufundisha. Si mushono wangu. Ningependa iwe wangu, ni muzuri kuliko wangu, njo yenye inaniuma zaidi.

Tena jambo ingine. Ulinifundisha kukata utambi, nashukuru, sasa naukata kila juma. Lakini ulipokuwa unanionyesha moto wa buluu ulisema, "Kwa Mama Joséphine-Marie unawaka hivi hivi." Ulipokula sombe yangu ya majani ya mihogo ukasema, "Mpofi wanatia mawese nyingi." Nilikuwa nimepika toka asubui. Ulikaa kwangu na roho yako ilikuwa inatembea kwake.

Nikuulize kitu ya kazi, vile mimi sasa ni mwanafunzi wako. Frigo ya Madame, toka iletwe, umeipindua mara ngapi? Hata moja. Na ya Mpofi inapinduliwa kila siku ya posho? Ni frigo ao ni mulevi?

Mukasine alikuja kuuliza kama nitamuachia na jembe. Nikamuambia jembe itanifuata hata kaburini. Mabati yamefika wapi?

Thacienne

*

Omate, tarehe 2 Mei 1956

Mama Emérita,

Unanichokesha. Muntu anafanya kazi ndani ya mvua ya huku, yenye haijue kusimama kama ya kwenu, anatembea na sanduku ya vyombo kichwani, na barua inamufikia ya kumuhesabia mishono.

Kola ilishonwa na fundi wa nguo wa hapa kampi. Ni mwanaume, ana ndevu, unaweza kumuonea wivu ukipenda.

Frigo ya Mpofi iko kwenye udongo, si kwenye simenti kama ya Madame. Kamyo zinapita karibu, nyumba inatetemeka, muguu moja unazama. Naisimamisha sawa, juma inaisha, imelala tena. Ni kosa ya barabara. Nimemuambia atafute simenti, hana njia bado.

Mabati yalikuja, wakapewa makarani kwanza. Ni vile vya kompanyi, mimi siwezi kupigana na kompanyi.

Juni nitakuja kwa kazi ya Madame. Acha maneno ya Sebarenzi. Mubusu Emérita.

Bwana yako,
Séraphin

*

Muheto, tarehe 24 Juni 1956

Séraphin,

Leo sikuite Papa wa muntu. Leo nakuita na jina ya batizo, ujue nimekaa chini na nimefikiri.

Nitakuambia kwanza kosa yangu, maana mimi kosa yangu naweza kuitamka. Mwanzo wa mwezi niliona siku zinapita na hukuandika. Nikasema, ataacha kuja. Nikaingia kwa Madame mimi peke yangu, nikainua frigo upande moja kwa nguvu zangu zote, nikasukuma kipande ya muti chini ya muguu. Siku mbili, siagi ikawa maji. Nikaenda kwa karani wa plantation, nikalia mbele yake, akaandika barua kwa atelier yenu: frigo ya Madame imekufa, mulete fundi upesi. Nikafua shuka. Nikachinja jogoo. Nilifanya vile sababu yako, na sipate haya kuandika.

Kamyo ikasimama, akashuka Hakorimana, fundi mwenzako.

Muntu muzuri, Hakorimana, mupole. Alisema, "Séraphin njo aliniambia niende badala yake, yeye yuko na kazi Mpofi." Kazi Mpofi. Akaweka nivo yake juu ya frigo, akatazama ile pofu, akapiga magoti, akachomoa kipande yangu ya muti. Hakunichekelea. Alikiweka mezani na akasema, "Mama, hapa ni simenti. Hata juu ya udongo frigo inazama kidogo kidogo, mwaka muzima ndiyo utaona. Ikilala kutoka posho mpaka posho, ni mukono wa muntu." Alisema vile ili asinitaje mimi. Hakujua alikuwa anamutaja mwingine.

Njo nikajua. Ni ule mama. Anafanya vile nilivyofanya mimi. Anainua frigo yake ili urudie kuipanga, naye anapata fundi wa watu kila juma kama dawa ya homa. Na wewe uko na nivo mufukoni, Séraphin. Fundi kama wewe. Hakorimana alipiga magoti mara moja tu akaona. Wewe myezi ine hukupiga magoti? Uliona. Uliona na ulinyamaza, sababu kunyamaza kulikuwa tamu.

Jambo la mwisho, na hii iliniingia kama mwiba. Nilimuuliza Hakorimana juu ya nyumba. Akashangaa. Akasema nyumba yako iko na mabati toka mbele ya Pasaka, na mulango, na kufuli. Umeweka mule mitungi ya petroli.

Hutaniandikia kitu ya kunituliza. Nitamuandikia ule mama mimi mwenyewe.

Thacienne

*

Muheto, tarehe 25 Juni 1956

Kwa Mama Joséphine-Marie, Mpofi

Hatujuane. Mimi ni Thacienne, bibi ya fundi Séraphin. Nimesoma kwa masista kama wewe, kwa hiyo tutasikilizana.

Sikuandikii matusi, ijapokuwa niko nayo mengi na yamepangwa. Nakuandikia kukufundisha kutunza frigo yako, ili usihitaji tena kuchokesha bwana wa watu. Soma vizuri.

Kila juma uzime moto, ungoje bomba ipoe, ukate utambi sawasawa na makasi, usiache pembe. Moto uwe buluu. Ukiwa manjano, masizi yatajaa. Mara moja kwa mwezi upige burosi ndani ya bomba. Kupima kama inasimama sawa, haikuombe nivo ya mwanaume. Chukua chupa ndogo nyeupe, ya kuonekana ndani, ujaze maji, uache hewa kidogo, uifunge, uilalishe juu ya frigo. Pofu ikikaa katikati, ni sawa. Ikikimbilia upande, tazama chini ya muguu.

Tazama chini ya muguu, mama. Utaona kitu yenye unajua, sababu uliiweka. Najua vile mukono unafanya, maana wangu ulifanya vile vile, mara moja, kwa bwana yangu wa ndoa. Wewe unafanya kwa bwana wa nani?

Tena ile kola. Ni mushono muzuri. Umebarikiwa mikono, tafuta shati yako ya kushona.

Thacienne, bibi wa Ndagijimana

*

Mpofi, tarehe 18 Julai 1956

Mama Emérita,

Nakuita vile sababu njo jina bwana yako alinitajia, na hakuitaja mara nyingi. Nisamehe nianze na neno gumu.

Barua yako niliisoma mbele ya watu wa kamyo, nikawauzia limonade. Nilitaka kuitia motoni. Kisha nikasema, huyu mama amenifundisha utambi bila malipo, nimusikilize na neno lingine. Watu walipoenda nikapiga magoti, nikatazama chini ya muguu wa frigo.

Kulikuwa na kipande ya ubao. Wa sanduku ya sabuni, umekatwa na msumeno, ukapigwa tupa mpaka ukawa laini. Mimi sina msumeno wala tupa. Na frigo yangu siwezi kuiinua, Mama Emérita, niko na mukono moja yenye ilivunjika zamani, haiinue hata ndoo ya maji mpaka juu. Toka mwezi wa pili natupa samaki. Kila siku ya ine samaki inaanza kunuka, siku ya tano naomba watu wa kamyo radhi, siku ya posho fundi anafika, mimi nafurahi, nachinja kuku ya kumushukuru. Nilifikiri frigo ya marehemu inakufa pole pole kama marehemu. Nilikuwa nimeanza kuililia.

Sikutaka kumusingizia muntu. Nikachomoa ule ubao, nikaweka chupa yako juu, pofu ikakaa katikati. Posho ikafika, naye akafika. Nikamuambia, "Papa fundi, imesumbua tena," nikamuacha peke yake kama siku zote, nikaenda kupika. Hakuniita kunionyesha kama iko sawa. Alipoondoka asubui ya yenga, siku ya Mungu, mbele ya misa, nilitazama chupa. Pofu ilikuwa imekimbia. Chini ya muguu kulikuwa ubao mupya.

Si mukono wangu. Ni wake.

Posho yenye ilifuata nilimuwekea chakula na biere, na ile mbao mbili nikaziweka kando ya sahani. Alizitazama. Hakula. Nikamuuliza, "Papa, nilikukosea nini? Nimekula hasara ya samaki myezi tano." Akasema, "Mama, hapa kuna muntu ananingojea. Siku ya posho nikishuka barabarani, naona umesimama ku mulango, unatazama upande wangu." Nikamuambia nilikuwa natazama fundi wa frigo. Akavaa kofia yake, akaenda. Hajarudi.

Kuhusu kulala, na Mungu ananisikia: alikuwa analala kwa katekista, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Frigo njo ililala kwangu miguu juu. Kuhusu kola, ni kweli, nilishona. Nashonea kila muntu anayekula mezani kwangu akiwa na nguo inafunguka, hata Sebarenzi. Lakini nilishona ya bwana yako vizuri zaidi, sitakudanganya. Ilikuwa furaha kushona tena kola ya mwanaume.

Nitakuambia na jambo moja ya kunipa haya. Niliposoma barua yako, hasira ilipoisha, nilikuonea wivu. Bwana yangu alikuwa muntu muzuri, tulikaa pamoja myaka kumi na moja, na hata siku moja sikumukasirikia namna ile. Sikujua kama muntu anaweza kuinua frigo peke yake sababu ya mwingine.

Utambi naukata kila juma. Barafu inajaa.

Joséphine-Marie

*

Omate, tarehe 3 Agosti 1956

Mama Emérita, bibi yangu,

Nimekaa bila kuandika, sababu kazi ilikuwa mingi na roho yangu haikuwa sawa. Sasa nakuletea habari ya furaha.

Nyumba iko tayari. Ile Hakorimana aliona ilikuwa bado, kulikuwa mabati lakini kompanyi ilikuwa haijaandika jina yangu, njo maana niliweka mule petroli tu. Sasa jina imeandikwa. Nimetoa mitungi yote, nimepaka ukuta chokaa, nimetengeneza kitanda cha Emérita na mikono yangu. Mufunge vitu, mupande kamyo ya Sebarenzi nyuma ya sikukuu ya Maria. Shamba umuachie Mukasine, asiendelee kununa. Huku utapata bustani nyuma ya nyumba, udongo mweusi, mihogo inaota yenyewe.

Kuhusu Mpofi, usijisumbue tena. Ile frigo imepona kabisa. Nilikaa nayo nikatafuta ugonjwa wake mpaka nikaupata, ilikuwa bomba ya ndani, nikaitengeneza moja kwa moja, haitasumbua tena. Sipiti tena pale, hakuna kazi. Ulikuwa na haki kidogo, na mimi nilikuwa na haki kidogo, tuache vile.

Septemba, kwa kazi ya Madame, nitatuma Hakorimana, maana utakuwa uko huku na mimi.

Nakungojea.

Bwana yako anayekupenda,
Séraphin

*

Muheto, tarehe 9 Septemba 1956

Papa Emérita,

Barua yako ya mwezi wa nane nimeisoma mara nyingi. Ni barua nzuri. Hujawahi kuniandikia nzuri vile. Nilikaribia kufunga vitu. Nilikwisha teremusha sanduku kutoka juu ya dari, mama yako alianza kulia, Mukasine alileta kamba ya kunisaidia kufunga.

Kisha nikasoma tena mahali unasema ulitafuta ugonjwa mpaka ukaupata, ndani ya bomba.

Mama Joséphine-Marie aliniandikia mwezi wa saba. Hukujua. Ugonjwa aliupata yeye, chini ya muguu, ulikuwa wa sanduku ya sabuni na umepigwa tupa vizuri. Umekuwa fundi muzuri sikuzote, hata kwenye kuharibu. Aliniambia pia juu ya mbao mbili kando ya sahani, na maneno uliyosema. "Hapa kuna muntu ananingojea."

Sikukulilia. Nilienda kwa Madame, nikafungua nyumba, nikakaa ku kiti mbele ya frigo yake, nikafikiri kama muntu anayehesabu maharagi ya kupanda. Nimekuwa na wivu toka mwezi wa tatu, unanijua. Nilionea wivu mushono wake, mawese yake, mulango wake. Nilisema ule mama amenipokonya. Sasa naona hakuwa na habari. Alikuwa anatupa samaki, masikini.

Basi wivu ikatafuta mahali pa kukaa, na nikajua iko inakaa wapi. Niko na wivu juu ya ile frigo, Séraphin. Ile chuma. Uliipigia magoti kila posho. Uliikatia ubao, ukapiga tupa usiikwaruze, ukaiharibu pole pole ili uwe na njia ya kuirudilia, kwenye mvua, na sanduku kichwani. Tulifanya kitu moja, wewe na mimi, muti chini ya muguu. Mimi nilifanya ili ukuje. Wewe ulifanya ili uende. Na siku yangu ilipofika, ukatuma Hakorimana. Hata sasa, ndani ya barua yako ya furaha, bado unatuma Hakorimana.

Mwezi ya kazi ya Madame imefika. Nimeifanya mimi. Nimetoa masizi ndani ya bomba ya jiko, nikatoka mweusi mpaka Emérita akanikimbia. Nimepaka grese meno ya mashini ya kufua. Nimekata utambi, nimepiga burosi, nimelalisha chupa, pofu iko katikati. Karani wa plantation alikuja kutazama, akazunguka vyote vitatu, kisha akaandika jina yangu kwenye karatasi ya Madame mahali yako ilikuwa. Anasema atamuambia Madame anilipe kazi ya fundi. Mwambie Hakorimana asisumbuke na njia.

Mvua ilinyesha siku ya pili. Siku ya tatu nilipanda maharagi. Shamba yote, mpaka pale kwa mawe. Mukasine alisimama kando na kamba yake mukononi, akaniangalia mpaka saa sita, kisha akaenda nyumbani.

Sikufukuzi. Nyumba hii ni yako, kitanda ni yako, Emérita ana pua yako. Unaweza kupanda kamyo siku yenye unataka. Lakini hapa kila kitu inatembea, hakuna yenye imelala upande, hakuna muntu atakayekuandikia karatasi ya kukuita. Uache sanduku ya vyombo kwa atelier. Ukuje mikono mitupu, bila kazi, bila chef kukutuma. Watu wakikuuliza ku barabara umekuja kutengeneza nini, uwajibu hakuna kitu, umekuja kwa Thacienne.

Ukiona huwezi kusema vile mbele ya watu, baki.

Thacienne